Usanisinuru kwa Kiswahili

Binti yangu alipoingia kidato cha kwanza hapa Kimamba, nilianza kumwandaa kwa chuo cha udaktari, ambacho huchukua wachache sana. Mimi niliishia darasa la saba. Biolojia nilijifunza mwenyewe kwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, neno kwa neno, na kila somo la kitabu chake nililitafsiri kwa Kiswahili kwenye daftari ili alielewe. Alfajiri, kabla hajaenda shule, tulisoma kurasa mbili.

Mtihani wa kwanza alipata sifuri. Nilikwenda shuleni na daftari langu. Mwalimu wake, kijana, aliniamkia, kisha akanionyesha karatasi. Binti alikuwa ameeleza usanisinuru, jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga, vizuri kabisa, kwa Kiswahili.

“Majibu ni sahihi, mzee,” alisema. “Lakini mtihani ni wa Kiingereza. Siruhusiwi kumpa alama.”

Nyumbani nilimuuliza binti kama darasani hafundishwi kwa Kiingereza.

“Tunafundishwa, baba. Ila mwalimu akianza, mimi huwa simsikilizi. Najua utanieleza.”

Kesho yake tulirudi ukurasa wa kwanza wa kitabu. Daftari nililiacha kabatini, kamusi nikampa yeye. Alitafuta neno la kwanza kwa muda mrefu, na mimi, niliyelijua, nikanyamaza.