Mpira Juu ya Kaunta

Shule niliiacha darasa la tano, na bado baa na nyumba ya wageni hapa Nyakahanga nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Waulize. Juu ya kaunta, ndani ya kioo, niliweka mpira wenye saini ya mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa. Niliununua Bukoba kwa mtu aliyesema alikuwa mtunza vifaa wa timu. Watu walitoka hata Kibingo kuja kuuona, nami nikawaapia kwamba saini ni yake.

Kisha mchezaji mwenyewe akaja harusini Bweranyange, akafikia kwangu. Jirani yangu muuza nyama, ambaye mafanikio yangu humkereketa, akawahi kiti cha mbele.

"Tajiri, leo mwenye saini kaja. Atuthibitishie."

Mgeni aliutazama mpira, akautazama tena, kisha akaniinamia sikioni.

"Mzee, mwandiko huu si wangu. Zamani tukichoka, mtunza vifaa alitusainia. Au pengine hata si yeye. Sijui." Akaniona nilivyobadilika, akanihurumia. "Lete kalamu, nisaini pembeni yake."

Huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza. Saini mbili za mtu mmoja, hazifanani, kwenye mpira mmoja, baa imejaa. Na muuza nyama alishamkabidhi kalamu.

Nikanyakua kikapu cha kahawa za kutafuna, zile anazokaribishiwa mgeni, nikamsogezea. Nilipaswa kumpa alipoingia tu, ila hofu ilinisahaulisha. Kwetu mgeni hapokei kahawa kwa mkono mmoja. Akaweka kalamu chini, akakinga viganja.

"Atafune kwanza," nikasema.

"Atafune, halafu asaini," muuza nyama akajibu. "Nani ana haraka?"

Mgeni akatafuna huku akinitazama. Akaokota kalamu, akamgeukia jirani yangu.

"Mpira una jina tayari. Wewe je, ndugu yangu, unalo?" Akamgeuza muuza nyama, akamsainia mgongoni, kwenye shati jeupe. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Shati hilo halijafuliwa mpaka leo. Hulivaa kila Jumapili akitoka ibadani, anakuja kwangu. Namkalisha benchi la ukutani, mgongo uegemee ukuta, mtu asije akalinganisha saini yake na ya mpira, bia ya kwanza bure. Mimi, nisiyemwogopa mtu Karagwe wala Kyerwa, hubana pumzi kila anapoinuka kwenda msalani.