Nilivyoweka Sega, PS1 na PS2 za marehemu kaka ndani ya boksi moja

Jumapili moja ya mwezi wa tatu mwaka jana nilimpoteza kaka yangu, Sefu. Alikuwa na banda la gemu Kwamndolwa, hapa Korogwe.

Habari za humu wakuu. Mimi si mwandishi, shule niliishia la saba. Nitaandika yaliyotokea tu.

Banda lilikuwa na mashine tatu za zamani: Sega, PS1 na PS2. Mchana ukipita nje, mwanga wa TV ulikuwa unacheza chini ya pazia, bluu, kama maji yanatembea.

Baada ya arobaini wazee waligawa vitu vyake, kama desturi ilivyo. Mimi PS2. Dada yetu Mwanaidi, aliyeolewa Mashewa, akapewa Sega. PS1 ikaenda kwa mjomba, Sindeni kule Handeni.

Nikaanza kuota. Kila mashine inawaka nyumba yake, kaka anatembea njiani katikati, hajui aingie wapi.

Nikaamua kuziweka pamoja.

Kwa wapenda ufundi: sikuchanganya bodi. Nilichukua kava la amplifaya bovu, nikazipanga humo, kila moja na power yake. Waya wa umeme unatoka mmoja, wa TV mmoja, na mbele kuna swichi ya kuzungusha unachagua unayotaka. Nyuma feni ya kompyuta, maana PS2 inachemka.

Mwanaidi alilia kidogo, akaifunga Sega kwenye kanga, akanipa.

Nikaenda Sindeni kwa mjomba, akakataa. Hana hata TV, PS1 imekaa tu juu ya kabati.

"Mpwa wangu, fungu la marehemu likishagawanywa halikusanywi. Ukilikusanya unaita msiba wa pili. Mimi sitaki kuzika mwingine."

Sikubishana. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea Sefu. Nilikaa pale nje natazama vumbi la ng'ombe likipita taratibu, nikajua boksi langu litabaki na pengo.

Ndipo akapita mama Nyamizi, Mnyamwezi anayeuza dagaa pale kijijini. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Kwenye mambo ya msiba mtani anaweza kubeba chochote cha nyumba, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Nyie Wazigua, mbona mmenuna kama mbuzi wa sikukuu?"

Mjomba akamweleza. Mama akacheka, akaingia ndani kama kwake, akatoka na PS1 juu ya beseni la dagaa.

"Marehemu wenu alikuwa mvivu! Maisha yote kazi ya vidole gumba tu. Hii naenda kuwekea chumvi."

"Mwizi wewe," mjomba akasema, lakini hakuinuka. Akanigeukia. "Mtani akichukua, mimi namdai vipi?"

Nikaona anatabasamu.

Kwa wasiojua, alichobeba mtani unakikomboa. Nilimpelekea jogoo. Kwa hiyo PS1 haikutoka kwenye fungu la mjomba, ilitoka kwa mtani. Nimeisafisha na spiriti lakini bado inanuka dagaa, siwadanganyi.

Nilichojifunza ni kidogo. Desturi ile ile iliyonizuia ilikuwa na njia ya kunipitisha, ila njia yenyewe haikuwa mikononi mwangu. Ningebishana na mjomba ningeikosa.

Kwenu watani wanafanya nini msibani? Na mwenye mbinu ya kupunguza joto la PS2 ndani ya boksi la bati aniandikie hapo chini, nasoma comments zote.

Jumamosi iliyopita mjomba alikuja Kwamndolwa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Jua la saa kumi lilikuwa limelala mlangoni. Nikazungusha swichi mpaka PS1. Ukaja ule mlio wake wa kuwaka, mzito, wa mbali.

"Sefu alikuwa anausikia huu kila asubuhi akifungua banda," nikamwambia.

Mjomba alikuwa amefumba macho.

"Zima," akasema. "Washa tena."

Nikazima. Nikawasha.