Hadithi Niliyoimaliza Isiyokuwa Yangu

Mimi siwezi kuanza hadithi bila mpango. Kabla ya sentensi ya kwanza hufungua daftari kubwa, nikapiga mistari kwa rula, nikagawa sura, na chini ya kila sura nikaandika nani anaingia, anataka nini na anatokaje. Hata mhusika anayepita mlangoni kuuliza njia nitampa umri na ukoo. Mipango ya namna hiyo ninayo kumi na mmoja, kabatini kwangu Madungu, mjini. Hadithi nilizozimaliza ni mbili, na zote ni fupi. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani mpaka nilipostaafu, na ofisini nilijifunza kwamba jambo lisiloandikwa kwanza halitafanyika.

Mdogo wangu wa kike, anayekaa shamba, Mgogoni, yeye hapangi chochote. Hadithi zake anazitunga akichambua karafuu. Msimu ukifika, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa jirani hukaa uwani kwake kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vinavyoishika. Mikono ikishazoea, mmoja wao husema, "Haya, tuendelee." Mdogo wangu anasimulia kipande. Wenzake wanauliza, wanabisha, wanamtukana mhusika kana kwamba ni jirani yao. Asubuhi ya pili anakiandika kwenye daftari la shule. Kipande ambacho hakuna aliyekibishia hakiandiki kabisa.

Msimu wa mwaka juzi alikuwa na hadithi ya bibi harusi kutoka Kojani, aliyeingia kwa mumewe na sanduku lililofungwa. Mume aliuomba ufunguo, akanyimwa. Mama mkwe aliuomba, akanyimwa. Miaka ilipita, watoto wakazaliwa, na sanduku likabaki chini ya kitanda. Alikuwa ameshajaza madaftari matatu. Aliponipa niyasome, niliyasoma nikiinuka na kukaa, nikitoka mpaka barabarani na kurudi. Yalikuwa mazuri. Napenda kuliandika hilo wazi, kwa sababu siku ile sikumwambia.

Nilichomwambia ni hiki: "Ndani ya sanduku mna nini?"

"Sijui, kaka."

"Hujui vipi, na hadithi ni yako?"

"Sanduku la yule bibi harusi. Hata miye hajanambia."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba mwandishi asiyejua mwisho wake anawadanganya watu, nikarudi mjini na madaftari yake. Nilijiambia kwamba nakwenda kumsaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mipango kumi na mmoja, na mdogo wangu aliyeishia darasa la saba alikuwa na madaftari matatu yaliyojaa.

Nilimpangia. Sura kumi na nne. Katika sura ya kumi na tatu sanduku linafunguliwa, na ndani mna nguo za mtoto mchanga wa bibi harusi, aliyefariki kabla ya ndoa hii, mtoto ambaye hakuna aliyejua habari zake. Nilipofika uwani kwake na karatasi zangu, wanawake walikuwa wamejaa, na mmoja akapiga kelele:

"Mzee kaja na mafaili! Twaandikishwa kura?"

"Ni hadithi ya sanduku," nikasema. "Nimeipanga mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho? Basi tusomee!"

Ningeweza kumpa mdogo wangu zile karatasi nikaenda zangu. Nilibaki nimesimama, nikasoma. Nilipofika kwenye nguo, bibi mmoja alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Masikini, kumbe!" akasema. Kisha wakaanza kuzungumza habari za samaki wa jioni.

Mdogo wangu hakuinua kichwa. "Umesoma vizuri, kaka," alisema, na mikono yake iliendelea kuchambua upesi upesi.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Katika yote niliyoyafanya, furaha ile ndiyo ninayoionea haya zaidi.

Kesho yake, nilikuja kuambiwa, wanawake walikaa kama kawaida, na hakuna aliyesema tuendelee. Tuendelee wapi? Walishajua. Msimu ukaisha. Nilipokwenda baada ya miezi miwili mdogo wangu alikuwa hajaandika hata mstari mmoja.

"Basi badilisha," nikamwambia. "Tia kitu kingine sandukuni."

"Nishaziona zile nguo. Hata rangi yake naijua. Ntajifanya sikuziona?"

"Samehe basi."

"Sina hasira nawe. Chukua weye, uimalize. Mwisho si unao?"

Nilijaribu. Nilikaa mezani kila asubuhi na mpango wangu kamili mbele yangu, na bibi harusi hakusema neno. Nilimwandikia maneno, nikayasoma, nikasikia karani anazungumza. Nikainuka, nikateremka mpaka sokoni, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Kuna mwalimu mmoja kutoka bara, jirani yangu, ambaye naye huandika, na yeye huanza na ukurasa wa mwisho. Nilimweleza kisa chote.

"Mzee, mimi mwisho wangu ninao tangu siku ya kwanza," alisema, "lakini hata mke wangu simwonyeshi. Na nikifika huko, mara nyingi nauchana."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Uliniuliza?"

Msimu huu nilikwenda tena Mgogoni. Njia nzima nilikuwa nikipanga namna ya kumwomba radhi sawasawa, mbele ya wale wale wanawake. Kabla sijaingia uwani nilisikia mtu akiuliza, "Akamjibuje?" na sauti ya mdogo wangu ikijibu mbio mbio, kama zamani. Nikatoa salamu. Wakaitikia. Yeye akanyamaza.

Nilikaa kwenye jamvi, nikavuta fungu la karafuu.

"Ni hadithi gani hiyo?" nikauliza.

"Hapana hadithi, kaka. Twapiga soga tu."

"Mwongo huyo!" akasema jirani yake. "Katuachia mwanamke darini toka jana, na mumewe kaiondoa ngazi. Mzee, tuondokee, twataka kujua anashukaje!"

Wote walicheka isipokuwa mdogo wangu. Alikuwa ananitazama, na kichwani mwangu zilikwishapita njia tatu za kumshusha yule mwanamke, na niliijua iliyo bora. Neno lilinifika mdomoni. Nilinyanyuka, nikakung'uta kanzu.

"Kaka, hata chai hujanywa."

"Siku nyingine, inshaallah."

Radhi sikuiomba. Nilipofika njiani nilisikia sauti yake ikianza upya, polepole kwanza. Nikaongeza mwendo ili maneno yasinifikie.