Marehemu wa Kwenye Flashi

Mchumba wangu alipotaka kuja Sumbawanga kujitambulisha kwa mama, ndugu zake wa Dar es Salaam walimuaga kama mtu anayekwenda vitani. Walimwonya kuhusu uchawi wetu na radi zetu. Kumbe mizimu aliileta yeye, ndani ya flashi: muvi za kutisha, moja kila jioni mpaka Oktoba iishe, maana ndiyo Halowini, msimu ambao Wazungu hutishana kwa hiari.

Mimi nilikuwa naomba jambo moja tu, mama amkubali. Bila neno lake posa isingekwenda popote, na neno lenyewe halikuwa linakuja. Asubuhi alimwita "mgeni wako", jioni "huyo mgeni wako". Na sasa huyo mgeni alikuwa anatuonyesha watu wakitolewa utumbo sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria.

Nilidhani mama atakimbilia chumbani. Akajifunika blanketi, akashika rozari, akakaa mbele kabisa.

"Mtu anaingia nyumba ya watu bila hodi," alisema, "asichinjwe kwa nini?"

Lakini kila mtu alipouawa aliamuru, "Simamisha kwanza." Mchumba wangu anasimamisha, mama anamwombea marehemu raha ya milele, sisi tunaitikia, ndipo muuaji anaruhusiwa kuendelea na kazi. Muvi fupi kabisa ilikula jioni nzima. Mwenzangu, aliyezoea kupiga mayowe, hakupata nafasi ya kuogopa. Akaninong'oneza kwamba mama yangu amemharibia Halowini.

Oktoba ikaisha. Siku ya Marehemu Wote tulikwenda makaburini, tukapalilia kaburi la baba, tukawasha mshumaa. Mama akawataja marehemu wetu wote, na alipowamaliza akaendelea: yule muuza petroli, yule dada wa kwenye ngazi, wale wanafunzi waliopiga kambi msituni. Niliinamisha kichwa nisicheke. Nikamwibia jicho mchumba wangu, nikijua naye amebanwa na kicheko. Alikuwa analia.

"Mama," alisema, "mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Sijawahi kupelekwa kaburini kwake. Walisema nitaogopa."

Kwamba mama yake alishafariki nilijua. Hilo la kaburi hakuwahi kuniambia, na liliniuma sana.

Mama akamgeukia.

"Siku zote hizi tunawaombea watu wa kwenye TV, kumbe wa kwako umemkalia kimya?"

Akauchomeka mshumaa mwingine kando ya ule wa baba, akampa kiberiti.

"Washa, mwanangu. Halafu mtaje, sisi tutaitikia."

Upepo wa huku hauna adabu. Njiti zilizimika moja baada ya nyingine, hadi mama alipopiga magoti na kuukinga mshumaa kwa kitenge chake. Ukawaka. Mchumba wangu akamtaja mama yake kwa sauti ndogo, akifuta machozi.

Mama akasema hajasikia, arudie.