Gereji ya Mama Maranda

Dada yangu mkubwa ndiye Mama Maranda, binti wa mkamuaji, mjukuu wa mkamuaji, aliyemgeuza ndama tumboni mwa mamake huku yeye mwenyewe ana mimba ya miezi minane, aliyemtoa daktari wa mifugo bandani akanawe mikono kwanza. Jina alilipata kwa sababu seremala yeyote akishika randa, dada yupo mlangoni na gunia, anangoja maranda ya kuwatandikia ng'ombe. Shule hakwenda. Mimi nilimaliza darasa la saba, kwa hiyo kuandika ni juu yangu.

Kitinda mimba wetu alistaafu ofisini na cheo chake, nasi tukaendelea kumwita Mkurugenzi ili asiugue. Akajenga banda la kisasa. Vigae vyeupe hadi sakafuni, ukitaka kutazama meno yako unainama tu. Wageni walipiga picha. Ng'ombe hawakuulizwa.

Wa kwanza kukaribia kuzaa aliteleza, miguu ya nyuma ikaenda huku na huku, hakusimama tena. Tukamkosa yeye na ndama wake. Mkurugenzi akachunguza, akatoa uamuzi: ng'ombe yule alikuwa mzembe.

Mwaka huu ikafika zamu ya Kahawia, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa marehemu mama. Siku mbili alisimama tu, miguu imevimba, anaogopa kulala. Dada akamweleza mdogo wake kwamba mzazi anataka pahali papana, pakavu, asipobanwa lakini awaone wenzake. La sivyo uchungu unakawia, kiwele kinaugua, na tutachimba shimo jingine.

"Piga goti hapa kwenye vigae," akamwambia. "Kaa hivyo mpaka nihesabu mia."

Mkurugenzi akatazama suruali yake, akasema ana mkutano.

Kweli alikuwa nao. Alialikwa kufundisha watu ufugaji bora. Waliomwalika wakaja kumchukua, maana njia ilikuwa na tope na gari lake lisingestahimili aibu hiyo. Likabaki gerejini: sakafu ya udongo mkavu, nafasi ya kujigeuza, mlango unaotazama uwanja wanaposhinda ng'ombe wengine. Ukijaliwa kuchagua, zaliwa gari la mdogo wangu.

Ufunguo wa gari ulikuwa jikoni, ila kwetu hakuna ajuaye kuendesha. Dada akaita majirani wanne, wakasukuma, gari likaenda kukaa kwenye vigae. Kahawia akaingizwa gerejini juu ya magunia sita ya maranda. Akanusa, akazunguka mara mbili, akalala, akashusha pumzi kama bi harusi aliyevua viatu. Saa kumi haijafika, ndama jike yuko chini analambwa, na kondo la nyuma likafuata lenyewe.

Mkurugenzi akarudi na cheti cha shukrani, akauliza gari liko wapi.

"Kwenye vigae," dada akamjibu. "Halijateleza."

Akaenda kuliona, akarudi gerejini. Ndama alikuwa amesimama, ananyonya, mkia unacheza. Akamtazama kitambo. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyestaafishwa mara ya pili, akauliza gereji atarudishiwa lini. Dada akampa reki na gunia la maranda.

"Gereji sahau. Kiuno changu kimechoka, kazi hii sasa ni yako. Kila asubuhi toa yaliyolowa, weka makavu, halafu piga goti. Goti likilowa, anza upya, mdogo wangu."