Tangazo la Mlangoni

Mwandishi wa ghorofa ya tatu amewaambia watu wote kwamba ameacha kuandika. Riwaya tano zimemkamua akabaki chicha, na akiulizwa kuhusu ya sita hujibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa habari za mgonjwa. Mumewe amemfungia kompyuta kabatini ili apumzike. Lakini vidole vyake bado hugongagonga ukingo wa meza, na akinywa chai, midomo huchezacheza kabla kikombe hakijafika.

Mlinzi wa jengo alipomwomba tangazo la maneno matatu tu, "Tafadhali fungeni mlango," alikubali shingo upande. Akaandika, akakata, akaandika upya. Kufikia jioni, tangazo lilikuwa na mbwa mgeni aliyepanda ngazi bila hodi, jirani aliyekwea juu ya friji, na sufuria ya nyama iliyotoweka bila shahidi. Kesho yake mlinzi alikuja amenuna.

"Mama, tangazo lako limeniponza. Watu wanasimama mlangoni wanasoma, wanacheka, mlango uko wazi kutwa. Na mbwa kaingia kweli!"

"Pole, baba." Aliinamisha macho. "Lakini wanasoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho! Yule mzee wa chini karudia mara mbili. Sasa ananiuliza mimi nyama ilikwenda wapi."

Vidole vilitulia mezani. Kisha mwandishi akaita kuelekea chumbani, kwa sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi: "Baba watoto, ufunguo wa kabati umeuweka wapi?"