Siku Shangazi Alipopanga Menyu ya Start

Juzi pale Katesh nilimkuta binti wa dukani akipanga menyu ya Start, ile orodha ya programu, kwenye kompyuta yake: hiki anakitoa, kile anakipandisha juu, huku anatafuna karanga. Mkono mwepesi kama anachambua mchicha. Rafiki yangu, nilimkumbuka shangazi.

Unakumbuka mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa mchanga, umetoka kumegwa Arusha? Kila ofisi, kila kikundi cha wauza mbaazi, kilitaka barua zake zichapwe upya zisisome Arusha. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mchapaji katika duka la mzee mmoja mwenye lori, na kompyuta ile, nakuapia, ilikuwa kubwa kuliko zizi la mbuzi. Nikitoka shule nilimpelekea makande, nikapangusa vumbi, nikasikiliza jenereta ikikohoa nje. Mvua ilikuwa imetukatalia kijijini kwetu Nangwa. Kazi ya shangazi ndiyo iliyotulisha.

Balaa lilianzia kwenye karata. Ukibofya Start, mchezo wa karata ulikaa juu kabisa. Mama mmoja wa kanisani, aliyeleta nyimbo za kwaya zichapwe, akauliza kama hapa ni ofisi au kilabu cha pombe. Shangazi akaona aibu. Akaanza kupanga: karata ziende chini, programu ya kuchapa ikae juu kama mgeni wa heshima. Akabofya pasipostahili, jina la programu ya kuchapa likatoweka. Tulilitafuta mpaka jua likachoka kutungoja.

Shangazi akakaa sakafuni. "Nimeiua," akasema. "Mashine ya watu nimeiua."

Kwetu mtu hajiombei msamaha mwenyewe, huombewa na mkubwa wake. Kesho yake bibi akajitanda shuka lake, akabeba kibuyu cha maziwa ya mgando, tukaenda wote kwa mwenye duka. Shikamoo zilipokwisha, bibi aliongea muda ambao ng'ombe angepata mimba na kuzaa. Aliongea kama aliyeleta habari za msiba. Yule mzee naye kompyuta hakuijua. Kadiri bibi alivyonyenyekea, ndivyo mzee alivyozidi kuamini kuwa hasara ni kubwa.

"Mama, nimesamehe," akasema mwishowe, kibuyu kikiwa mkononi mwake. "Lakini binti yako asiiguse tena."

Bibi akashukuru. Njiani kurudi alikuwa anaimba. Shangazi alitembea nyuma, kitenge mdomoni.

Fundi alipokuja kutoka Babati, alilirudisha lile jina kabla chai yake haijapoa. Programu ilikuwa ndani muda wote, nzima kabisa, imetolewa tu kwenye menyu. Lakini kiti cha shangazi kilishapata mtu mwingine, na jambo lililosamehewa nani angelifukua? Shangazi akapanda basi la Haydom, akawauzia uji wanaouguza wagonjwa kwenye hospitali ya kule.

Mimi fundi sikumsikia. Hayo niliyajua miaka baadaye, nilipomaliza masomo ya jioni ya kompyuta, nikaenda kuuliza pale dukani. Nikakimbilia Haydom kumwambia hakuua kitu. Aliendelea kukoroga uji.

"Najua, siku nyingi," akasema. "Ila bibi yako asisikie."

Duka lile siku hizi linauza simu. Jenereta, makande ya alasiri, barua mpya za mkoa, vyote vimepita. Na bibi tulimzika Nangwa akiamini kuwa siku ile alimwokoa mwanawe.